Pampu ya Maji na Mkopo wa Siri

Mkulima wa mboga wa Lushoto, mama wa watoto watatu, ameiandikia safu hii kurasa mbili. Analima nusu eka ya nyanya na kabichi bondeni, na kila kiangazi humwagilia kwa keni alfajiri na jioni hadi mabega yanawaka moto. Anataka pampu, mpira wa maji na bomba jipya la dawa, maana la sasa linamvujia mgongoni. Mkopeshaji wa mjini yuko tayari kumpa shilingi 600,000 siku hiyohiyo. Anachodai ni kadi yake ya benki, orodha ya vyombo vya ndani, na rejesho kila Jumatatu kwa miezi sita.

"Baba watoto hataki hata kusikia neno mkopo," anaandika. "Jirani yetu walimbebea hadi godoro. Je, nichukue kimyakimya, nilipe, asijue?"

Asichukue. Vyombo vilivyoorodheshwa ni vya watu wawili, na siku wadai wakibisha hodi, huenda atakayewafungulia mlango ni huyo huyo mume. Hofu yake ina msingi, kwa sababu ameona kwa macho yake godoro la jirani likitolewa nje. Mtu aliyeona hayo habembelezwi. Huonyeshwa hesabu, kwa hiyo mama aketi naye, daftari mezani.

Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, shilingi 600,000 huzaa riba ya 126,000 kwa miezi sita, kama riba inapigwa kila mwezi kwenye mkopo wote bila kujali kilichokwisha kulipwa. Ikipigwa kwenye deni lililobaki tu, huku akirudisha 100,000 kila mwezi, riba yote ni 73,500. Asilimia ni ileile, lakini mfukoni pana tofauti ya 52,500. Mkopeshaji aulizwe anapigaje riba na aonyeshe leseni yake. Akikwepa, huo ndio mkopo wa kinyonyaji watu wanaouita kausha damu, na kadi ya benki asiachiwe hata kwa saa moja.

Hata riba ikiwa halali, Jumatatu zitamkaba. Nyanya iliyopandikizwa huchukua miezi miwili na zaidi kabla ya mchumo wa kwanza, na kabichi hukaribia mitatu. Wiki hizo zote rejesho litatoka wapi? Kantangaze, mdudu anayeharibu nyanya, akiingia shambani, au bei ya tenga ikianguka Kariakoo siku mzigo unapofika, deni halisubiri. Mchicha huvunwa ndani ya wiki tatu au nne, basi matuta machache ya mchicha, yakipandwa kwa zamu, yanaweza kuleta hela ndogondogo. Lakini hayawezi kubeba 600,000.

Kabla ya kutafuta fedha, apime kina cha kisima anachochotea maji. Afunge jiwe kwenye kamba, ashushe hadi usawa wa maji mwishoni mwa kiangazi, kisha apime urefu. Pampu inayokaa juu ikavuta maji, iwe ya kukanyaga au ya petroli, hufika kina cha mita saba hivi, na milimani kama Lushoto, hewa ikiwa nyepesi, hupungua zaidi. Wapo walionunua kwanza wakapima baadaye, na pampu ikabaki pambo la stoo.

Fedha ziko karibu kuliko mjini. Kikoba cha kijijini humkopesha mwanachama kulingana na hisa zake, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba, na riba inayolipwa hurudi kwa wanachama wenyewe wakati wa mgawo. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Wanawake huipata kwa vikundi vilivyosajiliwa, na wa kuanza kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Ipo pia njia ya kukodishiwa kifaa. Victoria Kisyombe, daktari wa mifugo ambaye baada ya kufiwa na mumewe alitegemea ng'ombe aliyeitwa Sero, alianzisha kampuni ya kukodisha vifaa ya SELFINA mwaka 2002. Mwanamke hupewa kifaa, hukilipia kidogokidogo, na akimaliza kinakuwa chake. Dhamana ni kifaa chenyewe, kwa hiyo godoro haliguswi.

Safu hii ingependa aanzie kwenye kikoba, tena kwa pampu na mpira tu, na marejesho yapangwe kila mwezi, makubwa yakisubiri mchumo. Kama si mwanachama, aingie sasa, aweke hisa msimu huu, akope kiangazi kijacho.

Bomba la dawa lisingoje mkopo wowote. Dawa inayolowanisha mgongo hupenya ngozini na kumwingia mwilini, kwa hiyo asilivae tena hadi litengenezwe. Mara nyingi kinachovujisha ni washa iliyochakaa au mpira uliopasuka, vitu vya bei ndogo vinavyouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Akalibebe leo, likiwa limeoshwa, fundi aliangalie.