Tupime asidi ya udongo mbele ya kununua chokaa

Kila msimu koperative zinauliza: tununue chokaa ao tuache? Swali ni zuri. Chokaa iko na bei, iko na uzito, na kuipandisha mlimani si mchezo. Ukiitia kwenye udongo usioihitaji, umetupa franka. Basi tupime kwanza.

Asidi ya udongo inapimwa kwa namba inayoitwa pH, tunasoma pe-ash. Ilianzishwa mwaka 1909 na Sørensen, mwanakemia wa Denmark. Namba inatoka 0 mpaka 14. Katikati ni 7, na chini ya hapo ni asidi. Angalieni: kila ukishuka namba moja, asidi inaongezeka mara kumi. Udongo wa 5 uko na asidi mara mia kuliko wa 7. Chini ya 5.5 hivi, alumini iliyokuwa imefungwa ndani ya udongo (ni madini yaleyale ya sufuria) inaanza kuyeyuka na kuharibu mizizi. Fosfori ya mbolea nayo inakamatwa, maharagi hayaipati. Ndiyo maana unaweza kutia mbolea sawa na jirani na kuvuna nusu yake. Lakini muhogo unavumilia asidi, na chai inaipenda kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Watu wengi wanafikiri kosa linatoka kwenye labo. Hapana, mara nyingi linatoka shambani. Hesabu pamoja nasi: hekta moja, kwa kina cha sentimita 20, iko na udongo wa tani zaidi ya 2,000. Labo itachukua gramu 10 ao 20 tu. Kama hizo gramu zimetoka pale mulipochoma majani, jivu litapandisha namba, na shamba lote litahukumiwa kwa jivu.

Kwa hiyo tembea shambani kwa kupinda-pinda, chimba mahali 15 ao 20. Ruka penye jivu, kichuguu, samadi, njia na kando ya nyumba. Ondoa majani ya juu, kata kipande cha udongo kutoka juu mpaka kina cha shubiri moja, kiasi kilekile kila mahali. Mlima usiuchanganye na bonde: kila kimoja kiwe na mfuko wake. Vunja mabonge ndani ya basani safi ya plastiki, changanya sana, tandaza, gawanya sehemu nne, tupa mbili zinazotazamana. Rudia mpaka ibaki nusu kilo. Kausha kivulini, hapana kwenye moto. Andika jina la shamba na tarehe palepale. Mfuko bila jina ni udongo tu.

Kwa kupima wenyewe, nunueni karatasi ya pH inayosoma kutoka 4 mpaka 7. Ile ya 1 mpaka 14 inabahatisha. Tia gramu 20 za udongo uliochekechwa katika mililita 50 za maji ya batiri. Mwambie muuzaji wazi kwamba unataka maji, si asidi ya batiri, ile inaunguza. Koroga, ngoja nusu saa, chovya karatasi katika maji ya juu yaliyotulia, linganisha rangi kwenye mwanga wa mchana. Fanya glasi tatu. Mbili zikisema 5 na moja 7, usitafute katikati yake: osha glasi, anza tena.

Namba ikiwa chini ya 5.5 na munataka maharagi, chokaa inaweza kusaidia. Lakini pH haisemi ni kilo ngapi. Udongo wa mfinyanzi unashika asidi nyingi kuliko wa mchanga, hata kama karatasi imeonyesha rangi moja. Kwa kiasi cha chokaa, pelekeni ile nusu kilo labo na muombe kipimo cha mahitaji ya chokaa, mukitaja zao mutakalopanda.