Misemo ya Kiingereza Kazini



Hapa Nchelenge tunasema Kibemba nyumbani, na Kiswahili na wenzetu wanaovuka ziwa kutoka Kilwa na Pweto upande wa Kongo. Lakini barua ya kazi huja kwa Kiingereza. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi, na maneno mengi tunayajua. Kinachotushinda ni misemo. Mswahili akisema "fulani amemwaga unga", hatutafuti unga sakafuni. Tunajua amepoteza kazi. Mwingereza naye ana ya kwake.

Mbaya kuliko yote ni "let you go". Neno kwa neno ni "kukuacha uende". Mpakiaji mmoja wa samaki pale Kashikishi aliambiwa hivyo siku ya Ijumaa, akashukuru akidhani amepewa likizo. Alipokwenda tena kazini, jina lake halikuwamo kwenye orodha. Ni kufukuzwa kwa maneno laini. "Get the sack" ni jambo lilelile bila sukari: kupewa gunia, ingawa hata hilo gunia hulipati!

Msichanganye hayo na "made redundant". Hapo kazi yenyewe imeondolewa, wala si kwamba wewe umekosa. Tofauti yake ni fedha. Sheria ya ajira ya Zambia ya mwaka 2019 inamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mfanyakazi wa kudumu ambaye kazi yake imeondolewa hulipwa si chini ya mshahara wa miezi 2 kwa kila mwaka aliotumika. Aliyetumika miaka 6 anadai miezi 12. Basi ukisikia "let you go", uliza palepale ni kwa sababu gani, na jibu liandikwe.

Kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa ziwani Mweru, utasikia "tighten our belts", kukaza mikanda. Sisi tukisikia habari ya kujifunga kiunoni tunafikiri kibwebwe, yaani tuongeze bidii. Sivyo. Tajiri anasema matumizi yatapunguzwa, na mara nyingi anaanzia kwenye mshahara wako. Huongeza "we are all in the same boat", kwamba sote tumo katika chombo kimoja. Yawezekana, lakini tutazame nani anapiga kasia na nani amekaa.

Hata neno "strike", yaani mgomo, lilitoka majini. Mwaka 1768 mabaharia wa London walishusha matanga ili meli zisitoke bandarini, na kushusha tanga kwa Kiingereza chao ni "strike".

Mwisho ni "my hands are tied", mikono yangu imefungwa. Msimamizi anasema hana uwezo wa kuamua. Usibishane naye. Muulize jina la mwenye uwezo huo, kisha mwende kwake pamoja na katibu wa tawi.