Meli Iliyozama Mbele ya Fort Jesus: Mwongozo kwa Waongoza Watalii wa Naro Moru Wanaoshuka Pwani

Mwongozo huu ni wa waongoza watalii na madereva wa Naro Moru ambao, wakishamteremsha mgeni kutoka Point Lenana, huendelea naye hadi Mombasa. Akisimama kwenye kuta za Fort Jesus na kusikia kwamba chini ya maji yale imelala meli ya Wareno, swali lake la kwanza huwa: mbona haijatolewa? Usimjibu kwamba serikali haina pesa. Gharama ni sehemu ya jibu, lakini si jibu lote.

Manowari hiyo, Santo António de Tanná, ilitoka Goa kuja kuisaidia ngome iliyokuwa imezingirwa na Waomani tangu Machi 1696. Ilizama mwaka 1697. Ngome nayo ikatekwa Desemba 1698. Kati ya 1977 na 1980, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wanaakiolojia wa majini wakiongozwa na Robin Piercy walichimbua mabaki yake, wakatoa maelfu ya vitu, vikiwemo vyombo vya udongo na kaure za China. Vingine vimo ndani ya jumba la makumbusho hapo ngomeni. Mpeleke mgeni akavione. Bodi la meli walilipima, wakalichora, kisha wakalifukia tena kwa mchanga.

Mweleze sababu. Ndani ya mchanga na tope hewa ni haba mno, na viumbe wa baharini wanaotoboa mbao hawawezi kuishi humo. Ubao uliokaa majini karne tatu umedhoofika, na maji ndiyo yanayoushikilia umbo lake. Ukianikwa juani hujikunja na kupasuka. Chuma nacho kimenyonya chumvi. Kikipata hewa hulika upesi na kumeguka vipande vipande. Wasweden walipoiibua Vasa mwaka 1961 walilazimika kuinyunyizia dawa ya kuhifadhi mbao kwa miaka 17, na hadi leo wanahangaika na asidi ndani ya mbao zake. Anayeibua meli amejitwika kazi ambayo wajukuu wake watairithi.

Lakini kuacha si kutelekeza. Nanga, nyavu na wezi hufika hata chini ya bahari, kwa hiyo mahali palipofukiwa panahitaji kukaguliwa. Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu turathi za chini ya maji unasema kuacha vitu mahali pake ndilo chaguo la kwanza kufikiriwa. Haukatazi kuvitoa kwa sababu nzito za kitaalamu, ila unakataza kuvifanyia biashara. Kwa maoni yetu Mombasa walipima vizuri: walitoa vitu walivyoweza kuvitunza, wakaacha kilichowazidi.

Ukiwa kazini, usimtafutie mgeni mpiga mbizi wa kumpeleka kwenye mabaki ya meli bila idhini ya Makumbusho, hata akiahidi bakshishi nono. Mgeni uliyemkataza kung'oa lobelia katika Bonde la Teleki asiruhusiwe kutia kigae cha kale mfukoni ufukweni, wala kununua "sarafu ya Wareno" kwa mchuuzi. Ikiwa si ya bandia, basi imeibwa, na kuitoa nchini bila kibali ni kosa.

Kitu kikiwa kimeshaibuliwa na wavuvi, kisisuguliwe wala kuanikwa. Kiwekwe ndooni ndani ya maji yale yale ya bahari na kufunikwa, mahali kilipopatikana paandikwe, kisha ofisi ya makumbusho Fort Jesus ipewe habari. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inampa aliyegundua kitu cha kale siku saba za kutoa taarifa. Haibagui pwani na bara: jirani yako wa Naro Moru anayechimba bwawa shambani, sururu yake ikigonga kigae cha kale, naye anahesabiwa siku hizo hizo saba.