Kopo la Sarafu za Mzee: Tuziuze au Tuziweke?



Mvua zinapokosa katika mkoa wa Shinyanga, watu huanza kuuza. Huanza na kuku, kisha mbuzi, kisha ng'ombe. Mwisho hutolewa hata vitu vilivyofichwa chini ya kitanda. Katika baadhi ya nyumba kitu hicho ni kopo la bati, au kibuyu, lenye sarafu za zamani. Babu alizikusanya moja moja. Baba akazirithi. Sasa zimefika mikononi mwako, na ghala ni tupu.

Je, uziuze? Somo hili halitakujibu kwa neno moja. Litakuonyesha mambo ya kujua kabla ya kujibu, kwa sababu anayeuza kitu asichokijua hupangiwa bei na mnunuzi.

Sarafu hizi zilitoka wapi

Mwaka 1890 kampuni ya Wajerumani iliyotawala pwani yetu ilianza kutoa sarafu zake. Zilikuwa rupia za madini ya fedha, na pesa za shaba. Pesa 64 zilikuwa sawa na rupia moja. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba. Hapo mtu wa Usukuma au Unyamwezi alilazimika kutafuta rupia, apende asipende. Wengi walizipata kwa kubeba mizigo ya misafara, kwa kazi za mashamba ya pwani, na baadaye kwa kujenga reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Kwa hiyo rupia iliyo katika kopo lako huenda ni jasho la safari ya miezi mingi kwa miguu.

Toka mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, manowari za Waingereza zilizuia meli zisifike pwani, na sarafu kutoka Ujerumani zikakoma. Ndipo mwaka 1916 Wajerumani walipotengeneza sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora. Walitengeneza heller 20 nyingi sana, za shaba na shaba nyeupe, zenye umbo la ovyo ovyo. Walitengeneza pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, ambao leo uko mkoa wa Singida. Sarafu hizo za dhahabu zilikuwa 16,000 na kidogo tu. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora na kazi ikaisha.

Baada ya vita walikuja Waingereza na shilingi ya Afrika Mashariki, mwaka 1921. Ilikuwa na kichwa cha mfalme upande mmoja, na simba upande wa pili. Senti zake ndogo zilikuwa na tundu katikati, watu wakazitunga kwenye kamba. Tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa shilingi yetu wenyewe. Wazee wanakumbuka senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni na senti 50 yenye sungura.

Sasa zisome

Miaka michache iliyopita huenda hukuweza kufanya kazi hii. Leo unaweza. Mwaga sarafu juu ya mkeka mchana, penye mwanga, usome mwaka na maandishi ya kila moja. Lugha ni ya kigeni, lakini herufi ni zilezile ulizojifunza.

Ukiona mtu mwenye sharubu aliyevaa kofia yenye tai, huyo ni mfalme Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, na hiyo ni rupia au sehemu ya rupia. Ukiona neno HELLER, tazama namba iliyo pamoja nalo. Ukiona maandishi ya Kiarabu upande mmoja na tai upande wa pili, ni pesa ya shaba ya miaka ya 1890 hadi 1892. Ukiona EAST AFRICA, ni ya Waingereza.

Na ukiona tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake, mwaka 1916 na herufi T, simama hapo. T ni Tabora. Ikiwa ni ya kweli, hiyo ndiyo sarafu ya dhahabu ya Sekenke. Ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo tatu yake ni dhahabu. Tunasema "ikiwa ni ya kweli" kwa sababu za bandia ni nyingi. Sumaku ikiivuta, si dhahabu. Isipoivuta, bado hujathibitisha, maana shaba nayo haivutwi na sumaku.

Usizioshe. Usizisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu. Mkusanyaji wa sarafu hutaka ngozi ya zamani ya sarafu, na ukiikwangua haitarudi. Nyinyi mnaokaa karibu na machimbo ya Geita na Kahama, msikubali mtu aijaribu sarafu kwa zebaki. Zebaki hushika dhahabu na fedha, sarafu huharibika, na moshi wake ni sumu.

Sarafu moja, bei tatu

Bei ya kwanza ni ile iliyoandikwa juu yake. Hiyo imekufa. Dukani rupia hainunui hata kiberiti.

Bei ya pili ni ya madini. Rupia moja nzima ina uzito wa gramu 11.66, na sehemu kubwa sana yake ni fedha safi, zaidi ya gramu 10. Shilingi ya Waingereza ya mwaka 1921 hadi 1946 ina fedha robo tu, yaani haifiki gramu 2. Zilizofuata baadaye hazina fedha kabisa. Heller na senti nyingi ni shaba au mchanganyiko wa madini ya bei rahisi. Sonara mwaminifu wa mjini anaweza kukupimia na kukuambia bei ya gramu siku hiyo.

Bei ya tatu ni ya wakusanyaji. Hao ni watu, wengi wao nchi za nje, wanaonunua sarafu kwa sababu ni adimu. Hapa uzito haufuatwi sana. Rupia ya kawaida iliyochakaa haizidi sana bei ya madini yake. Lakini tembo wa Tabora huuzwa kwa maelfu ya dola katika minada ya Ulaya na Marekani, mara nyingi zaidi ya dhahabu iliyomo. Kwa hiyo kumyeyusha tembo huyo ni sawa na kumchinja maksai ili uuze kwato. Tena dhahabu iliyoyeyushwa haina historia. Utaulizwa umeichimba wapi.

Tusidanganyane. Katika kijiji cha Kahama au Geita huwezi kupata bei yote ya mnada wa ng'ambo. Kuna madalali njiani, na kila mmoja hula. Lakini ukiijua bei ya madini, umepata sakafu, na chini ya hapo hushuki.

Mnunuzi wa jioni

Tuseme wewe ni mama mjane. Jioni moja anakuja kijana aliyevaa vizuri, anaegesha pikipiki chini ya mwembe.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, mwanangu. Karibu kigoda."

"Nimesikia mzee marehemu aliacha rupia. Mayu, hizo hazinunui hata chumvi. Lakini kwa kuwa nawaona watoto wana njaa, nitakupa gunia moja la mahindi, nichukue kopo lote."

"Mwanangu, kama hazinunui chumvi, wewe unazitakia nini?"

Kijana anacheka. Anasema wapo watu mjini wanazitumia kwa dawa. Anasema zipo rupia zinazovuta mchele, na zikikosa nguvu hiyo hazina thamani, lakini yeye atajihatarisha. Anasema kesho hatakuwapo.

Maneno hayo yana dalili za kumfukuzia mtu. Hakuna rupia inayovuta mchele. Anayekuharakisha hataki upate siku ya kuuliza. Na anayetaka kopo lote bila kulimwaga, ameshajua kinachowezekana kuwa ndani. Mwambie, "Rudi kesho kutwa asubuhi, utanikuta na shemeji zangu na mwenyekiti wa kitongoji." Kama ana biashara ya haki, atarudi.

Pima upungufu wako kwanza

Wengi huuza kupita mahitaji yao kwa sababu hawakupiga hesabu. Chukua daftari. Tuseme nyumba yako hula debe moja la mahindi kwa juma, na toka sasa mpaka mavuno ni majuma 17. Unahitaji madebe 17. Ghalani umebakiwa na gunia moja, yaani madebe 6. Upungufu ni madebe 11, karibu magunia mawili. Basi unatafuta bei ya magunia mawili, pamoja na karo au dawa kama zipo. Hutafuti bei ya kopo zima.

Sasa tazama una nini kingine. Hapa wengi wetu hukosea kwa heshima. Husema, "Za marehemu haziguswi," kisha huuza maksai wa kulimia. Katika mwaka wa ukame kila mtu anapeleka ng'ombe mnadani. Ng'ombe wamekonda, bei yake inaanguka wakati bei ya mahindi inapanda. Na mvua zikirudi huna wa kuvuta plau, kwa hiyo njaa inaingia mwaka wa pili. Sarafu hailimi, haitoi maziwa, haitoi mbolea. Ukiuza rupia kumi za kawaida, shamba lako la mwakani halipungui hata tuta moja. Kwa maoni yetu, rupia za kawaida ziuzwe kabla ya maksai na kabla ya mbegu. Sioni aibu yoyote hapo. Mzee aliziweka kwa ajili ya siku kama hizi, maana benki hakuwa nayo.

Lakini sarafu ina sifa moja ambayo ng'ombe hana. Haili majani, haifi kwa ukame, inaweza kungoja. Kwa hiyo sarafu adimu usiiuze kwa haraka ya njaa. Tenga zile za kawaida, uuze kiasi cha upungufu wako. Adimu iache mpaka umeionyesha kwa watu wanaojua. Unaweza kuanza na watu wa Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, karibu na Mwanza, au wa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwalimu wako wa kisomo anaweza kukusaidia kupiga picha ya pande zote mbili na kuandika barua.

Ni za nani?

Kabla ya kuuza, jibu swali hili kwa ukweli. Kama ni mirathi ambayo haijagawanywa, si zako peke yako. Kaeni kikao cha ukoo. Mkishindwana, Mahakama ya Mwanzo inaweza kumthibitisha msimamizi wa mirathi. Mjane asinyamazishwe katika kikao hicho, maana mara nyingi yeye ndiye aliyelitunza kopo wakati wote. Kama ipo sarafu ya matambiko, itengeni mapema ili isilete ugomvi baadaye.

Na kama hukurithi, bali umeokota chungu cha vitu vya kale ukichimba duara au msingi wa nyumba? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Toa taarifa serikalini. Rupia za Mjerumani ni za baada ya hapo.

Andika

Mkikubaliana bei, andikeni. Mfano ni huu:

*Mimi ............ wa kijiji cha ............ nimemwuzia ............ wa ............ rupia ...... (idadi) za mwaka ......, kwa bei ya shilingi ............ . Nimelipwa fedha zote leo tarehe ............ . Sarafu nyingine hazikuuzwa.*

*Sahihi ya mwuzaji ............ Sahihi ya mnunuzi ............*

*Mashahidi: 1. ............ 2. ............*

Sentensi ile ya mwisho usiiache. Inazuia mtu kurudi kudai kopo lote. Hesabu fedha mbele ya mashahidi, na nunua mahindi siku hiyohiyo ukiweza, kwa kuwa fedha taslimu ndani ya nyumba yenye njaa ina wageni wengi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mnunuzi wa jioni alitaka kopo lote bila kulimwaga?
2. Soma sarafu yoyote uliyo nayo. Ina mwaka gani? Ina picha gani pande zote mbili?
3. Bibi ana rupia 12. Kila moja ina gramu 11.66. Zote zina uzito wa gramu ngapi?
4. Nyumba inakula debe moja kwa siku 10. Mavuno ni baada ya siku 120. Ghalani yamo madebe 5. Upungufu ni madebe mangapi?
5. Katika kijiji chenu, mwaka wa ukame, watu huuza nini kwanza? Je, mpangilio huo unafaa?
6. Ndugu wawili wamerithi tembo mmoja wa Tabora. Mmoja ana mtoto mgonjwa, mwingine anataka sarafu ibaki. Mngewashauri nini?