Buji ya moto-pompe: namna ya kuichagua na kuibadilisha



Katika kiangazi kimoja, nilitembelea koperative ambayo vitunguu vyake vilianza kukauka. Moto-pompe ilikataa kuwaka tangu siku nne. Watu walivuta kamba mpaka mikono ikaumia. Wengine walitaka kuuza masini. Kumbe ugonjwa ulikuwa buji tu. Wakanunua ingine sokoni. Iliingia vizuri kwenye tundu, lakini ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani. Pistoni ikaigonga. Hapo ndipo hasara kubwa ilianzia.

Buji inatoa cheche inayowasha esansi ndani ya silinda. Moteri ya mazutu haitumii cheche, kwa hiyo somo hili ni la moteri za esansi.

1. Soma rangi ya buji ya zamani

- Kahawia au kijivu: moteri ni nzima.
- Nyeusi na kavu: esansi inazidi hewa. Safisha filtre ya hewa, tena angalia kama starteri haikubaki imefungwa.
- Nyeusi na imeloa oili: oili inapanda kwenye silinda. Buji mpya peke yake haitaponya, ita mekanisye.
- Nyeupe, kama imeungua: moteri inapata joto kupita kiasi.

2. Chagua kwa namba, si kwa macho

Namba imeandikwa juu ya buji na katika kitabu cha masini. Mfano: moteri ya Honda GX160 inatumia NGK BPR6ES. B ni unene wa uzi, milimita 14. E ni urefu wa uzi, milimita 19; penye H ni 12,7. Namba 6 ni ya joto: kwa NGK, namba ikipanda, buji inapoza zaidi. Kwa Bosch ni kinyume. Kwa hiyo usilinganishe namba za marke mbili.

3. Badilisha polepole

1. Zima moteri, ungoja ipoe kabisa.
2. Vuta kofia ya buji, usivute waya.
3. Panguza mchanga pembeni ya buji, usianguke ndani ya silinda.
4. Fungua kwa kle ya buji. Weka ya zamani na mpya pamoja, pima urefu wa uzi.
5. Pima nafasi ya cheche: kwa GX160 ni milimita 0,7 mpaka 0,8.
6. Anza kufunga kwa vidole. Ikikaza mapema, toa, anza tena. Kichwa cha moteri ni aluminiamu, uzi wake unaharibika upesi.
7. Buji mpya ikigusa chini, ongeza nusu mzunguko kwa kle. Ya zamani, robo tu inatosha.

Kila koperative iweke depo buji moja ya akiba na kle yake, na tarehe ya kubadilisha iandikwe katika kaye ya masini. Maji yakikosekana siku nne, vitunguu haviwezi kungojea mtu aende mjini.