Kutoka Gazi Kupanda Shimba: Vidokezo vya Siku Moja

Sisi wa Gazi tumeizoea milima ya Shimba mpaka hatuioni tena. Tumewaachia wageni wa Diani. Safari hii panda wewe, na watoto wako.

1. Ondokeni baada ya sala ya alfajiri. Njia ni Ukunda, Kombani, kisha mnakata kushoto kupanda Kwale. Matatu zinafika Kwale mjini, ila hifadhini huruhusiwi kuzunguka kwa miguu. Afadhali mchange, mkodi gari. Wakati wa masika barabara za ndani ni tope tupu.

2. Lipeni kwa eCitizen kabla ya kufika langoni, maana taslimu hazipokelewi. Kitambulisho usikisahau: raia hulipa kidogo kuliko mgeni.

3. Mtafuteni palahala kwanza. Kenya nzima, swala huyu anaishi porini hapa Shimba peke yake. Dume ni mweusi wa kung'aa, tumbo jeupe, pembe zimepinda nyuma kama jambia; majike ni wa rangi ya hudhurungi. Hupenda mbuga za nyasi zilizo kati ya misitu, na asubuhi ukungu ukianza kupanda ndipo huonekana vizuri. Zimeni injini, mngoje. Mimi namweka mbele ya ndovu, na sioni haya kusema hivyo.

4. Ndovu nao wapo, tena walizidi: mwaka 2005 takriban 150 walihamishiwa Tsavo Mashariki, kwa kuwa walikuwa wakimaliza msitu na mashamba ya watu. Msiteremke garini.

5. Maporomoko ya Sheldrick yana urefu wa zaidi ya mita 20, na mnashukia kwa miguu mkiongozwa na askari wa wanyamapori. Kushuka ni rahisi. Kupanda kunataka pumzi. Vaeni viatu vya kufunga, si ndara.

6. Mahamri na mbaazi bebeni, lakini kwenye vyombo vya kurudi navyo nyumbani. Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020.

7. Kabla ya kurudi, simameni penye mwinuko mtazame bahari. Chemchemi za Marere humu humu hupeleka maji Mombasa. Mito ya Mkurumudzi na Kidogoweni, inayoleta maji baridi kwenye mikoko yetu ya Gazi, inaanzia milima hiyo hiyo. Waonyesheni watoto.