Kupima CD18 kwa Kingamwili: Jibu Linaloweza Kupotosha

Mtoto mchanga ambaye kitovu chake hakijadondoka baada ya wiki tatu, kikaambukizwa bila kutoa usaha, ilhali hesabu ya neutrofili katika damu yake imepanda mno, humlazimu daktari kufikiria upungufu wa protini iitwayo CD18. Neutrofili ni nyingi, lakini haziwezi kunata imara kwenye ukuta wa mshipa wa damu ili zipenye hadi penye vijidudu. Ndiyo maana usaha haupatikani.

CD18 hutokana na jeni ITGB2 iliyomo katika kromosomu ya 21. Haijitokezi juu ya seli peke yake. Sharti iungane kwanza na CD11a, CD11b, CD11c au CD11d. Ikikosekana, wenziwe nao hukosekana.

Kipimo hutumia kingamwili za monoklonali, zao la mbinu ya Köhler na Milstein ya mwaka 1975. Kingamwili yenye rangi ing'aayo huchanganywa na damu, kisha seli hupita moja moja mbele ya leza. Mng'ao ulio chini ya asilimia 2 ya kawaida huashiria upungufu mkali, ambao huwaua wengi kabla ya miaka miwili wasipopandikizwa uboho. Kati ya 2 na 30, ugonjwa huwa wa wastani.

Hata hivyo, jibu la kawaida halitoshi kumwondolea mtoto shaka. Wapo wagonjwa ambao CD18 yao ipo, kingamwili ya kawaida huishika vizuri, ila protini yenyewe haifanyi kazi. Kwao hufaa kingamwili kama mAb24, inayoshika CD18 pale tu inapobadili umbo baada ya seli kuamshwa. Kipimo hiki huhitaji magnesi. Damu iliyochukuliwa katika chupa ya EDTA, ambayo ndiyo iliyozoeleka wodini, huiondoa magnesi hiyo na kuleta jibu hasi la uongo. Chupa ya heparini ndiyo salama zaidi.

Mng'ao wa CD18 ukiwa kamili na mAb24 isishike kitu, protini nyingine iitwayo kindlin-3 nayo ichunguzwe, hasa mtoto akitokwa damu ovyo, kwa kuwa chembe za kugandisha damu pia huitegemea.